Kipande Kisicho na Manyoya

Ravdna alikuwa na dada mmoja tu duniani, na mwezi wa Julai, mbele ya watu kumi na watatu na kulungu wa kufugwa mia nane, nusura amuue.

Watu wa mbali wakisikia habari za Finnmark, huku kaskazini kabisa mwa dunia, huulizia giza. Mnaishije, wanasema, karibu miezi miwili hamlioni jua? Wanauliza upande usio wenyewe. Gizani mtu hulala, hunenepa, hununa, basi. Kinachochomoa visu ni nuru. Kuanzia katikati ya Mei jua hupanda na kukataa kushuka, linazunguka tu angani kama mgeni asiyejua kuaga, na ikifika Julai hakuna anayeweza kukwambia kama amechoka au ana hasira. Mwili hauna saa yake ukutani. Unangoja giza liuambie lala, na giza haliji.

Nyumbani kwa kina Ravdna shida hiyo ilikuwa na dawa, na dawa ilikuwa mama yao. Mama alikuwa na pazia la sufu nzito nyeusi, alilolishona mwenyewe kama chandarua kikubwa, akalitundika ndani ya hema. Siku za kuwatia ndama alama watu hufanya kazi usiku kwa ajili ya ubaridi, kwa hiyo saa mbili kamili asubuhi alikuwa akipiga sufuria kwa mwiko, na kila mtu, awe mtoto awe mume wa mtu, aliingia chini ya pazia akafunikwa kiza. Aliyebisha alipigwa mwiko yeye. Wakati wa baridi mambo yaligeuka: sufuria ililia saa moja asubuhi nje kukiwa kweusi kabisa, taa zote za nyumba zikawashwa, na ole wake aliyevuta blanketi. Tena mama alikuwa na sheria moja ambayo hata mjomba Ovlla, mkubwa wa kundi, aliifuata: kesi ya masikio haizungumzi mtu ambaye hajalala.

Sikio ndilo hati huku. Kila mwenye kulungu ana namna yake ya kukata, imeandikishwa, watoto wanazijua alama za ukoo mzima kabla hawajajua kusoma. Alama ya Ravdna ilikuwa pengo moja kama mdomo wa ndege, ukingoni mwa sikio la kulia. Ya Ibba, dada yake, ilikuwa ncha ya sikio la kushoto kuondolewa yote. Kulungu mwenye alama yako ni wako, hata kama alizaliwa na jike la mtu mwingine, na kilichokatwa hakirudi.

Mama alifariki Februari. Ravdna, mdogo, aliachiwa jike mweupe, wa mwisho wa uzao ambao mama naye aliupata kwa mama yake. Ibba, mkubwa, aliachiwa pazia.

Basi Julai kundi lilipofika pwani, mahema matatu yakasimamishwa, na Ibba akatundika urithi wake. Pazia lilikuwa na nafasi ya watu wanne.

"Njoo ulale huku," alimwambia mdogo wake. "Macho yako yamekuwa kama ya samaki wa juzi."

"Nina hema langu."

"Hema lako ni turubai jeupe, Ravdna. Ni sawa na kulala ndani ya balbu."

"Pazia umepewa wewe. Lala nalo."

"Sawa. Na wewe mkumbatie jike wako mweupe, tuone kama atakufunika."

Ilikuwa mzaha, na siku nyingine Ravdna angecheka. Lakini alikuwa amefiwa, na mtu aliyefiwa hutafuta pa kuweka ghadhabu yake. Aliiweka kwenye lile pazia. Alilala chali ndani ya turubai lake jeupe akisikiliza mbu, jua likipita kutoka ukuta huu wa hema kwenda ule, na kila alipofumba macho aliona wekundu wa damu yake mwenyewe ndani ya kope.

Siku ya kwanza bila usingizi ilimpa nguvu, akapasua kuni za watu watatu. Siku ya pili alicheka na kila mtu, hata kwa mambo yasiyochekesha. Siku ya tatu mlio wa kijiko ndani ya kikombe ulimfanya atamani kumvunja vidole aliyekishika. Hiyo siku ya tatu ndiyo aliyopaka namba kwenye vibao. Vilikuwa mia na kumi, vyeupe, vya plastiki, vidogo kama kiganja cha mtoto, kila kimoja na uzi wake. Ndama huvalishwa kibao shingoni, huachiwa zizini, na mtu hukaa juu ya jiwe na darubini akiandika: ndama namba fulani anamfuata jike fulani. Ndipo ndama hukamatwa tena, na namba ikitajwa, kila mwenye jike hukata wake. Ravdna alipaka vibao vyote mia na kumi peke yake, na nusu ya kazi hiyo hakuikumbuka.

Siku ya nne alikaa juu ya jiwe na darubini. Aliegemeza viwiko magotini ili darubini itulie. Alimtafuta jike mweupe kabla ya wote, akamwona, na chini ya tumbo lake ndama wa rangi ya udongo, jike, mzima, anayefanana na wengine mia. Kibaoni: 61. Aliandika *61, mweupe, Ravdna*, na hapo akalia kwa sauti, kwa sababu uzao wa mama ulikuwa umeendelea.

Kazi ya kukata ilianza saa tano usiku jua likiwa usoni. Wanaojua kazi hiyo wanajua ilivyo: kwato, vumbi, kamba za vitanzi zinavuma hewani, majike yanakoroma, ndama wanalia, watu wanapiga kelele za namba, mjomba Ovlla yuko katikati na daftari anajibu kwa jina. "Thelathini na mbili!" "Ravdna!" "Sabini!" "Ya kwangu!" Unampanda ndama mgongoni, unambana kwa magoti, unashika sikio, kisu kinapita, kile kipande unakitia mfukoni. Vipande hivyo havitupwi. Mwisho wa kazi unavimwaga juu ya blanketi na kuvihesabu, na ndivyo unavyojua umepata ndama wangapi mwaka huo. Ravdna alikata, akatia mfukoni, akakata, akatia mfukoni. Mkono ulifanya kazi bila yeye. Masikio yake yalivuma, na mara mbili alimwona mama amesimama langoni mwa zizi na mwiko.

Asubuhi saa moja zizi lilifunguliwa. Majike yakatoka yakiwaita watoto wao, na kila ndama akamkimbilia wake. Jike mweupe alipita mbele ya Ravdna polepole, maana ndama alikuwa ananyonya huku anatembea. Sikio la kulia la ndama lilikuwa zima. La kushoto lilikuwa limekatwa ncha, na damu ilikuwa imemtiririkia hadi shingoni.

Ravdna alitazama. Kisha akageuka.

Ibba alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ananyonya uboho kwenye mfupa, kikombe cha kahawa yenye vipande vya jibini kiko chini miguuni.

"Umemkata wa mama," Ravdna alisema.

"Nani?"

"Umemkata ndama wa jike mweupe. Una hema, una mume, una pazia, na bado umemkata wa mama!"

Ibba aliweka mfupa chini. "Nimekata niliyosomewa. Mjomba alisema Ibba, nikakata. Kama kuna kosa litarekebishwa. Nenda kalale."

"Usiniambie nikalale."

"Unayumba, mdogo wangu. Nenda kalale chini ya pazia, ukiamka tutazungumza."

"Mwizi!"

Hilo ni neno ambalo watu huku wameuana kwalo, na wanaolisikia hawasahau lilisemwa na nani. Mjomba Ovlla alikuja mbio mbio kwa miguu yake mibovu. "Ravdna, mwanangu, kesi ya masikio hatuizungumzi kabla ya..."

"Aliyesema hivyo amekufa!" Ravdna alipiga kelele, na mkono wake ukarusha kamba iliyokunjwa, ikampiga Ibba usoni kwa kile kipete kigumu cha kitanzi.

Mdomo wa Ibba ulipasuka. Alijigusa, akaona damu, akainuka kutoka juu ya ndoo bila haraka. Ibba alikuwa mrefu, mzito wa mabega, na hakuwa malaika. Alimshika mdogo wake kola ya koti akamvutia kwake akampiga kichwa. Pua ya Ravdna ikavunjika na mlio ambao watu waliokuwa langoni waliusikia. Wakaanguka pamoja kwenye tope la mkojo na kinyesi cha kulungu mia nane. Ndama mmoja aliyechelewa akawaruka, kwato ikamchubua Ravdna bega. Wakagaragara. Ibba alimkalia kifuani akambana koo kwa mikono miwili, akisema, "Tulia! Tulia! Tulia, wewe!" na alikuwa analia kama alivyolia makaburini. Ravdna hakuyaona machozi. Aliona jua. Lilikuwa nyuma ya kichwa cha dada yake, jeupe, bila kope, limekuwa pale siku nne, na ilimjia akilini kwamba akikitoa kichwa hicho, na akilitoa jua hilo, hatimaye kutakuwa giza.

Alimuuma kifundo cha mkono mpaka meno yakagusa mfupa. Ibba aliachia, Ravdna akapinduka, akawa juu, na kisu kikawa mkononi. Pigo la kwanza lilipita chini ya taya likakwama kwenye kola ya koti la Ibba, ile nene iliyotariziwa na mama kwa nyuzi nyekundu na manjano. Kola ndiyo iliyomwokoa. La pili halikuwa pigo. Alimbana dada yake kwa magoti, akashika sikio la kulia kwa mkono wa kushoto, na kisu kikapita kama kilivyopita usiku kucha: chini, juu, pengo moja kama mdomo wa ndege. Kile kipande akakitia mfukoni.

Ibba alipiga ukelele ambao uliwafanya majike wakimbie mpaka majini.

Kitanzi cha mjomba Ovlla kilitua shingoni mwa Ravdna na kumvuta nyuma. Aliburutwa chali zizini kama wanavyoburutwa wanyama, amekabwa, visigino vikichimba tope, kisu kikaruka, na wanaume wawili wakamkalia. Bado alipigana. Alimng'oa mmoja wao kucha. Ilibidi wamfunge mikono na miguu kwa kamba ya kulungu.

"Tumpeleke wapi?" mmoja aliuliza, anahema.

Ibba alikuwa ameketi kwenye tope, kiganja kimekandamiza upande wa kichwa, damu inapita katikati ya vidole. Hakumtazama mtu.

"Mtieni chini ya pazia," alisema.

Ravdna alilala saa ishirini. Hakuota kitu. Alipozinduka alikuwa amefunguliwa kamba, kulikuwa na kiza cha kweli kinachonuka sufu na moshi na mama, na mwili wake ulikuwa mwepesi, umetulia, kama nyumba baada ya wageni wabaya kuondoka. Pua ilimuuma, alifikiri amegongwa na jike. Alikumbuka kwamba hajahesabu. Akainua ukingo wa pazia kidogo ili aone, akamwaga vipande juu ya blanketi, akaanza kuvipanga kumi kumi.

Vilikuwa vimekauka, vya rangi ya udongo, kila kimoja na manyoya yake mafupi. Kumi. Ishirini. Thelathini. Cha thelathini na nne hakikuwa na manyoya. Kilikuwa chembamba, cheupe, ukingo wake laini. Ravdna alikigeuza kidoleni. Kwa muda, Mungu amsamehe, alijiuliza ni ndama yupi aliyekuwa na ugonjwa wa ngozi.

Kisha akakumbuka, akatapika juu ya vyote.

Mjomba Ovlla alimkuta nje, amejikunja kando ya kigingi cha hema. Alichuchumaa mbele yake kwa shida, magoti yakilia, akaweka kibao kimoja cheupe kwenye kiganja chake.

"Soma."

"Sitini na moja."

Ovlla alikigeuza kwa kidole, juu kikawa chini. "Soma."

Ravdna alikisogeza karibu na macho.

"Soma, mwanangu."

"Kumi na tisa."

"Mstari uko wapi?"

Hapakuwa na mstari. Namba za namna hiyo, zinazosomeka pande zote mbili, hupigwa mstari chini ili mtu ajue miguu yake iko wapi. Watoto wa miaka saba wanalijua hilo. Ukiwa juu ya jiwe na darubini unakiona kibao kilivyoning'inia. Lakini aliyempanda ndama mgongoni anakiona kutoka juu, kama mtu anavyoona mkufu wake mwenyewe shingoni, kichwa chini. Kijana aliyemkamata ndama wa mama alisoma kumi na tisa. Daftarini, kwa mwandiko wa Ravdna, kumi na tisa ilikuwa ya Ibba.

"Umevipaka wewe," Ovlla alisema. Hakupandisha sauti. "Umeandika wewe. Umekata wewe. Na ndama wa Ibba yuko kule, ana alama yako, ananyonya kwa jike la Ibba. Mngebadilishana tu. Kahawa kikombe kimoja, na mimi shahidi, kwisha."

"Ibba yuko wapi?"

"Zahanati. Wamempeleka kwa mashua."

"Nipige, mjomba."

"Nikupige ili iweje?" Ovlla aliinuka. "Ungelala tu. Jambo lenyewe lilikuwa hilo tu. Ungelala."

Kule zahanati Ibba alisema ni pembe ya kulungu iliyomkata. Nesi alikuwa mtoto wa wafugaji, alilitazama lile pengo muda mrefu. "Pembe hii inajua kazi," alisema. "Inafaa iandikishwe." Akashona kilichoweza kushonwa, akaandika *pembe*, na polisi hawakuitwa. Kambini hakuna aliyemsuta Ravdna, hakuna aliyemwita muuaji. Walimpa kahawa yake, wakampisha njiani, na hawakukaa upande wake wa moto. Kundi liliporudi bara msimu wa majani mekundu, Ibba alifanya kazi mwisho mwingine wa kila zizi, kofia imevutwa hadi machoni. Hakusema naye neno, wala Ravdna hakuthubutu. Alitaka kitu kimoja, dada yake, na ni kitu ambacho hakuwa na uso wa kukiomba.

Jua liliaga mwishoni mwa Novemba, na sasa mwili ukamfanyia kinyume. Aliyekuwa hapati usingizi alishindwa kuamka. Mwanzoni aliamka saa nne, kisha saa nane, kisha hakuona sababu, maana saa nne na saa nane zilikuwa na weusi uleule dirishani. Alimpeleka mbwa wake kwa mjomba Ovlla ili asilazimike kumtoa nje. Aliacha kuwasha jiko kwa sababu kuwasha jiko kulimtaka asimame. Alikula mkate bila kitu, kisha hakula. Hakuna sufuria iliyolia. Alilala na akaamka akiwa amechoka na akalala tena, na kila alipoamka kilichotangulia kufika kilikuwa kile kipande, kati ya kidole gumba na cha shahada.

Siku moja, mchana kwa saa ya ukutani, alifungua mlango akakaa kizingitini miguu mitupu ndani ya theluji. Alitaka kuona baridi huua vipi. Iliuma, kisha ikaacha kuuma, kisha ikawa vizuri, vizuri mno, na uzuri huo ndio uliomtisha akarudi ndani kwa magoti. Vidole viwili vya mguu vilikuwa vyeupe. Alijifunika akaambia ukuta, "Kesho basi."

Kesho yake, saa sita mchana, kweusi tii, mlango ulipigwa teke ukatoka bawabani.

Mwanga wa tochi ukamtwanga usoni, na kabla hajainua mkono blanketi lilikuwa limevutwa na yeye yuko sakafuni. Mtu alimshika nywele akamkokota. Ravdna alipiga, akakosa. Akapigwa kofi lililomgeuza uso, la pili likaurudisha.

"Siku mbili hakuna moshi!" sauti ya Ibba ilisema juu yake. "Mjomba anaangalia bomba lako siku mbili! Ulitaka tuje na jembe?"

"Niache."

"Nikuache?" Kofi. "Simama!"

"Niache, Ibba, nife!"

Ibba alimwinua kwa makwapa akamtupa juu ya kiti, na Ravdna akamrukia. Hakuwa na nguvu za kuku, lakini alipata mkono, akauma pale pale alipouma Julai. Ibba alitukana, akampiga ngumi ya mbavu, akambandua.

"Vizuri," alisema, akipangusa mkono kwenye suruali. "Angalau meno hayajafa."

Alimfunga kwenye kiti kwa kamba yake ya kitanzi, mizunguko mitatu kifuani. Kisha akawasha jiko, akatoa kwenye begi kitu kipana kama sinia, akakisimamisha mezani, akachomeka waya. Chumba kizima kikageuka mchana. Ravdna alifumba macho akageuza kichwa. Ibba alisimama nyuma yake, akamshika kisogo kwa mikono miwili, akamrudisha.

"Nesi kanipa. Nusu saa kila asubuhi. Fumbua."

"Inaumiza."

"Na iumize. Fumbua, ama nitazishika kope mwenyewe."

Alifumbua. Machozi yalimtoka, mengine ya nuru. Jiko likaanza kuvuma. Muda mrefu mikono ile haikuachia kichwa chake.

"Umenisamehe?" Ravdna aliuliza mwishowe.

"Nani kakwambia? Kila nikivaa kofia linaniuma. Kila nikijitazama kwenye kioo nataka kukuzamisha ziwani. Sijakusamehe."

"Basi kwa nini umekuja?"

Ibba alizunguka akaja mbele, akapiga magoti kati ya kiti na taa, akavua kofia. Alikuwa amezeeka kidogo. Aligeuza kichwa, akasogeza nywele nyuma, na mwanga wa taa ukapita katikati ya lile pengo, safi, lenye kingo zilizopona.

"Soma," alisema.

"Ibba, tafadhali."

"Umelelewa na kulungu. Soma. Alama ya nani hiyo?"

Ravdna alilitazama lile pengo.

"Yangu."

"Imeandikishwa?"

"Imeandikishwa."

"Mjomba aliona? Watu waliona?"

"Waliona."

"Basi mimi ni wako, mjinga wewe," Ibba alisema. "Mbele ya mashahidi. Huwezi kwenda kufa kwenye theluji ukaacha mali yako inazurura. Kwenye mkokoteni wa theluji huko nje nimeleta ndama wa mama, ana masikio yangu, huyo nitamlisha mimi mpaka azae. Mimi nilishe wewe. Sijala tangu jana."

Ravdna alilia mpaka kamba zikambana. Ibba hakumfungua. Alitazama saa ya mkononi, ile ya mama, akaona bado dakika kumi na tatu. Akaenda kwenye rafu, akachukua sufuria na mwiko, akarudi akasimama kando ya taa.

"Kesho ni saa moja kamili," alisema, akaipiga sufuria mara tatu kwa nguvu zake zote.